Kasoro Iliyo Chini ya Gari



Ndugu wasomaji, juma hili naomba niwatoe kidogo katika mlango wa twahara na swala tuliouzoea, niwapeleke chini ya gari. Wala sijapotea njia. Mambo ya dini yetu huishi sokoni na uani kama yanavyoishi msikitini, na hili lilinikuta uani kwangu hapa Makina, nikiwa nimelala chali juu ya gunia, uso umejaa vumbi la udongo mwekundu.

Gari letu ni Toyota Corolla, ile ambayo mafundi wa Nairobi huiita 110, iliyotoka kiwandani Japani mwishoni mwa miaka ya tisini. Leo gari la umri huo haliwezi kuingizwa Kenya, maana sheria hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuletwa kutoka ng'ambo. Lakini yale yaliyokwisha kuingia yangali barabarani, na nyumba nyingi za Waislamu wa kipato cha kawaida huyategemea kupeleka watoto madrasa, wazee hospitali, na biriani harusini. La kwetu limebeba hayo yote kwa miaka mingi. Mwaka huu ikabidi liuzwe, kwa kuwa binti yetu mkubwa alipata nafasi ya chuo na karo haikungoja.

Mnunuzi hakutafutwa mbali. Kijana wa mtaani, mwenye mke na watoto wawili, alilitaka la kubebea marobota ya mitumba kupeleka soko la Toi. Bei tukaafikiana kwa mdomo. Ila gari lilikuwa na lake jambo. Kila lilipovuka tuta, nyuma hugonga "ko!" kama mtu anayebisha hodi mara moja kisha akakaa kimya. Na tulipokuwa katika barabara ya Mombasa, lori likitupita, mkia wa gari huyumba kabla ya mimi kugusa usukani, mfano wa mtu aliyevaa kandambili iliyolegea ukanda: mguu unakwenda huku, kandambili inakwenda kule.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja. Akaingia chini, akatoka, akajifuta mikono. "Sheikh," akaniambia, "hiyo ni mikono ya nyuma, bushi zimekwisha zote. Usijisumbue. Lioshe, lipige polishi, liuze. Mwenye kununua atajua mwenyewe."

Nakiri mbele yenu kwamba nilirudi nyumbani nikiwa nimeyakubali nusu ya maneno yale. Karo ilikuwa na tarehe yake. Nilipomsimulia mke wangu, hakuniletea aya wala hadithi. Aliendelea kuchambua mchicha, kisha akauliza: "Na watoto wake atawapakia gari lipi?"

Sasa tulitazame jambo lenyewe kwa kipimo cha sheria, kwa ufupi, kwa sababu wengi wetu hudhani kuna mlango wa kutokea. Mwenye kujua kasoro ya kitu anachouza ni wajibu aibainishe. Sote tumesimuliwa tangu chuoni habari ya Mtume (S.A.W.) kupita sokoni na kutia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kumelowa na juu kukavu, na jinsi alivyomkemea mwenye rundo. Polishi juu ya gari lenye mikono iliyokwisha ni rundo lile lile. Wafanyabiashara wetu husema: "Mimi nimeuza kama lilivyo, na yeye ameridhika." Lakini katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kama alivyoeleza Imam Nawawi katika Minhaj, muuzaji anayejivua dhima ya kasoro zote kwa sharti havuliwi kwa kauli iliyo na nguvu, ila katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Gari si ng'ombe, na mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Mnunuzi akiigundua kasoro ile baadaye ana haki ya kulirudisha. Na wanachuoni wetu hawakuishia kwa muuzaji: hata mtu wa kando aliyeijua kasoro humlazimu kumwambia mnunuzi. Basi fundi yule naye ana lake la kujibu, ingawa sikurudi kumwambia.

Njia zilikuwa mbili: kuuza kwa kueleza na kupunguza bei sana, au kutengeneza. Kumlipa fundi hatukumudu. Ndipo binti yangu, ambaye tangu utotoni hufungua kila kitu chenye skurubu, akasema: "Baba, tununue mikono, tuifunge wenyewe." Nami niliwahi kushika spana ujanani. Tukaanza.

Nieleze kwanza hiyo mikono ni nini, kwa sababu akina mama wengi huambiwa jina la kifaa na bei yake, wakanyimwa maana yake. Gurudumu la nyuma la gari kama hili linashikwa juu na shoki na springi yake. Hiyo shoki huliacha gurudumu lipande na kushuka, lakini peke yake haiwezi kulizuia lisiingie ndani wala lisitoke nje. Kazi hiyo hufanywa na mikono miwili ya chuma iliyolala kwa upana wa gari, mmoja mbele ya mwingine, kutoka fremu iliyo katikati hadi kwenye habu ya gurudumu. Iko pia fimbo inayokwenda mbele, ya kulizuia gurudumu lisirudi nyuma. Kila upande una mikono miwili na fimbo moja. Katika kila ncha ya mkono mna bushi: kipande cha mpira kilichogandishwa baina ya mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, na boliti hupita katikati.

Chuma hakichakai upesi. Mpira ndio unaokufa. Hufa kwa umri, kwa mafuta yanayovuja, kwa mzigo mkubwa, na kwa mashimo na matuta ya barabara zetu. Mpira ukipasuka, chuma hugonga chuma, na gurudumu hubadili uelekeo wake lenyewe kila gari linapoegemea upande mmoja. Ndiyo ile "ko!", na ndiyo ile kandambili. Tairi nalo huanza kulika ukingo mmoja. Letu lililika upande wa ndani, mahali ambapo mtu hapaoni mpaka ainame.

Mafundi wenye haraka huuza shoki mpya kwa kila mlio wa nyuma, kwa hiyo kupima ni lazima. Gari likiwa limeinuliwa na kuegemezwa imara, shika gurudumu kwa mikono miwili, kushoto na kulia, ulitikise. Kisha chukua mtaimbo mwembamba, usukume mkono wa chuma karibu na kila bushi, na mwenzio atazame. Bushi nzima hujikunja kidogo ikarudi. Bushi iliyokufa huruka, na mpasuko wake utauona kama mdomo uliofunguka. Ukishika gurudumu juu na chini likacheza, au gari likivuma kama nyuki mwendo unapoongezeka, hiyo huenda ikawa beringi, na ni habari nyingine.

Vifaa tulinunua barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Tulikwenda na namba ya chesisi iliyoandikwa katika logibuku, kwa kuwa magari ya jina moja hutofautiana, na lenye kuendeshwa kwa magurudumu manne huwa na mikono isiyo sawa na ya lile la mawili. Wauzaji walitupa hiari: kununua bushi tupu, au mkono mzima wenye bushi zake. Bushi tupu ni rahisi kwa bei, lakini kuzitoa na kuziingiza kunataka mashine ya kushindilia, na nyumbani hatuna; nyundo huziharibu kabla hazijafika barabarani. Tulichukua mikono minne mizima, na nati mpya, maana zile za kujifunga zikishafunguliwa hazishiki tena kama mwanzo. Fimbo mbili hatukununua. Fedha ziliishia hapo.

Ijumaa jioni tulipiga boliti zote brashi ya waya, tukazimiminia mafuta ya kulegeza kutu, tukaziacha zilale nayo. Jumamosi baada ya Alfajiri, kabla uani hakujaingia watoto, tukaanza.

Hapa nitakawia, kwa kuwa hapa ndipo watu hufa. Jeki si ya kulalia chini yake. Jeki huinua tu. Kushikilia ni kazi ya stendi za chuma, nazo mtu anaweza kuziazima kwa jirani mwenye gereji kama tulivyofanya sisi. Matofali ya saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na mawe huteleza. Kumbukeni pia kwamba breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, nayo ndiyo utakayoyainua. Basi mara yanapoacha ardhi, gari halina kinachoizuia isipokuwa gia, na vigingi ulivyotia mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Tulitia vigingi vya mbao vinene. Udongo wetu wa Makina hulainika, kwa hiyo chini ya kila stendi tukalaza ubao mpana. Nati za magurudumu tulizilegeza gari likiwa bado chini. Lilipokaa juu ya stendi, nikalisukuma kwa bega mara tatu kabla ya yeyote kuingiza kichwa, na magurudumu yaliyotolewa tukayalaza chini ya ubavu wa gari ili, Mungu aepushe, likianguka likutane na tairi kabla ya mtu. Mwenye kutawakali na amfunge ngamia wake kwanza.

Kabla ya kufungua lolote, mke wangu akatuletea tepu ya cherehani. Gari likiwa chini kwa uzito wake, tulikuwa tumepima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi uliopo juu yake: inchi 14 na nusu. Ishikeni namba hiyo, nitairudia. Halafu tukatia alama ya rangi nyeupe mahali pa kurekebishia, kwa kuwa mmoja wa mikono miwili ndio unaoweka uelekeo wa gurudumu, na ukifungwa bila alama gari litatoka uani likitembea kikaa.

Tulifanya upande mmoja, tukauacha wa pili mzima uwe kitabu chetu cha kutazamia. Boliti za ndani zilitoka kwa heshima. Ile ndefu ya nje, inayopita mikono yote miwili na habu katikati, ilikataa. Ilikuwa imeshikana kwa kutu na mrija wa bushi, ikizunguka pamoja nao bila kutoka. Jirani mmoja, kwa nia njema, akashauri tulete moto wa gesi. Nikakataa, maana tanki la petroli liko karibu na paipu ya breki iko karibu zaidi. Tukaikata kwa msumeno wa chuma, baina ya mkono na habu, tukipokezana, muda wa saa nzima na ushei. Nyinyi wasomaji wa Mombasa, Malindi na Lamu mtaikuta boliti hii mbaya kuliko yetu, kwa kuwa upepo wa chumvi haulali. Nunueni boliti mpya kabla ya kuanza, na iwe ya gari. Ya kufungia geti haifai hata ikiingia.

Mikono mipya iliingia kwa urahisi uliotuudhi, baada ya taabu ile. Binti yangu akashika spana akaanza kukaza. Nikamwambia, ngoja.

Miaka iliyopita nilimpa fundi kazi kama hii kwa gari hili hili. Alikaza kila boliti magurudumu yakiwa yananing'inia, akateremsha gari, nikamlipa na kumshukuru. Haikupita miezi mingi mlio ukarudi, nami nikalaumu vifaa. Baadaye nilifahamu sababu. Bushi ya mpira haizunguki kama bawaba ya mlango. Boliti inapokazwa huubana mrija wa ndani usisogee, na mpira uliogandishwa humo hujipinda gurudumu linapopanda, ukarudi linaposhuka. Pale ulipokazwa ndipo pumziko lake. Ukiukaza gurudumu likining'inia, umeuambia mpira kwamba kuning'inia ndiko kupumzika. Gari likishuka chini, mpira umesokotwa hata likiwa limeegeshwa usiku, na kila shimo huongeza msokoto juu ya msokoto mpaka uchanike. Kwa macho kazi mbili hizo ni sawa kabisa. Hakuna mteja atakayeinama akaona tofauti.

Basi tuliziingiza nati kwa vidole na kuzikaza kidogo tu. Tukaweka jeki ya pili chini ya habu, tukaipandisha polepole, tepu mkononi, mpaka kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi kukawa inchi 14 na nusu, huku mmoja wetu akichunga gari lisinyanyuke kutoka kwenye stendi. Hapo ndipo tukakaza, kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari, kwa spana ya kupimia tuliyoazima pamoja na stendi. Kisha upande wa pili. Huo ulichukua nusu ya muda, kwa kuwa mikono ilikuwa imekwisha kujifunza.

Adhana ya Adhuhuri ya msikiti wa Makina ilitukuta na grisi hadi viwiko. Hapa niseme neno kwa mafundi na watoto wao. Rangi ya mafuta iliyobaki juu ya ngozi haidhuru udhu, lakini grisi nene yenye mwili wake huzuia maji yasifike, na udhu juu yake hautimii. Sukari kijiko kimoja na sabuni ya maji, usugue kabla hujagusa maji, huiondoa hata kwenye kucha bila kuchubua ngozi kama petroli inavyofanya. Binti yangu alinitangulia kumaliza. Ilikuwako minong'ono ya hapa na pale kuhusu msichana chini ya gari. Alikuwa amejisitiri kwa suruali pana, dera juu yake lililofungwa kiunoni, na mtandio uliobanwa vizuri usinase kwenye spana, akifanya kazi uani kwa babake. Sikuona la kujibu.

Akina mama mnaopeleka magari gereji wenyewe, si lazima mlale chini. Lakini mwambieni fundi akuonyesheni bushi ikicheza kwa mtaimbo kabla hamjatoa fedha, mdai vifaa vya zamani mrudi navyo nyumbani, na mumuulize atakaza boliti za mikono gari likiwa katika hali gani. Akisema haidhuru, tafuteni mwingine.

Jumatatu tulilipeleka kupimwa na kunyooshwa magurudumu kwa mashine, kazi ambayo hakuna alama ya rangi inayoweza kuchukua nafasi yake. Uelekeo ulikuwa umepotea kidogo tu. Baada ya siku chache za kuliendesha nikazipima tena nati zote kwa spana. Moja ilikubali robo mzunguko.

Mnunuzi alipokuja, nilimwonyesha mikono ya zamani niliyoitunza juu ya gunia. Nikamwambia vilivyobadilishwa, nikamwambia pia kwamba fimbo mbili za nyuma ni zile za awali, mpira wake umeanza nyufa ndogo, na matairi ya nyuma yamelika ndani. Alikuwa hakuuliza. Akachukua mkono mmoja wa zamani, akatia kidole katika mpasuko wa mpira kikapita hadi upande wa pili, akanitazama.

Aliomba apunguziwe bei ya fimbo mbili na tairi mbili, nami nikaona ni haki yake. Karo ilipungua kiasi hicho, tukakopa kwa shemeji tuijaze. Kabla ya kuondoka alimwomba binti yangu amwonyeshe mahali pa kupimia zile inchi 14 na nusu, kwa ajili ya siku atakapofunga fimbo. Akamwonyesha, akaiandika namba ile kwa kalamu ya wino ndani ya jalada la logibuku.

Wabillahi tawfiq.